Kumkopesha mjasiriamali wa nchi nyingine: fedha zako hupita wapi, na hubadilisha nini

Anayefungua jukwaa la mikopo midogo kwenye intaneti hukutana kwanza na sura ya mtu. Ni mshonaji aliyesimama kando ya cherehani yake, au mkulima katikati ya shamba, na chini ya picha pameandikwa jina la kwanza, kiasi kinachoombwa, muda wa marejesho na sehemu ya mkopo ambayo imekwisha kuchangwa. Anachoombwa msomaji ni kidogo, pengine dola 25 tu, bila riba, kwa matarajio kwamba fedha hizo zitarudi. Mpango huu unavutia, na unavutia kwa sababu nzuri: unampa mtu wa kipato cha kawaida nafasi katika kazi ambayo zamani ilikuwa ya mabenki na serikali, na unamheshimu mjasiriamali maskini kwa kumhesabu kuwa anakopesheka. Hata hivyo, kati ya mkopeshaji na mshonaji yule kuna msururu wa mikataba, sarafu, watumishi na gharama. Asiyeuelewa msururu huo anaweza kuamini kwamba anamkopesha mshonaji, kumbe anaikopesha taasisi ambayo hajapata kuiuliza swali hata moja.

Makala hii inaufuata msururu huo tangu mwanzo wake hadi mwisho, kwa sababu ninaamini kwamba uamuzi wenye uzito katika mikopo ya aina hii ni ule wa kuchagua taasisi, na kwamba wakopeshaji wengi huumaliza moyo wao wote katika kuchagua picha.

Mikopo midogo ilikotoka

Kuwakopesha maskini kiasi kidogo cha fedha ni jambo la zamani. Katika karne ya 18 Jonathan Swift, aliyekuwa mkuu wa kanisa kuu la Mtakatifu Patrick mjini Dublin, alitenga fedha zake mwenyewe akawakopesha mafundi wa mji huo kidogo kidogo bila riba, kwa sharti la kuwa na wadhamini na kurejesha kila wiki. Karne moja baadaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha nchini Ujerumani vyama vya akiba na mikopo vya vijijini, ambamo wanachama walidhaminiana wao kwa wao. Muundo tunaoujua leo, lakini, ulipata umbo lake Bangladesh. Mwaka 1976, nchi hiyo ikiwa bado na majeraha ya vita vya ukombozi na ya njaa ya mwaka 1974, mwanauchumi Muhammad Yunus aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra, karibu na Chittagong, jumla ya dola zipatazo 27. Miongoni mwao walikuwamo wanawake waliotengeneza viti vya mianzi kwa malighafi ya kukopa, wakalazimika kumuuzia bidhaa yuleyule aliyewakopesha, kwa bei aliyoipanga yeye. Jaribio hilo ndilo lililozaa Grameen Bank, iliyopata hadhi ya benki mwaka 1983. Mwaka 2006 Yunus na benki hiyo walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Amani.

Utaratibu wa Grameen ulienea dunia nzima, nao unastahili kutazamwa kwa karibu kwa kuwa ndio unaofafanua gharama na mashaka yote yatakayofuata. Wakopaji, walio wengi wao wanawake, hujiunga katika vikundi vya watu watano, na vikundi kadhaa hukutana pamoja kila wiki katika eneo lao. Afisa mikopo hufika na daftari lake, wanachama huketi kwa vikundi, na kila mmoja hutoa rejesho lake mbele ya wenzake, likaandikwa katika kitabu chake naye akiona. Hakuna hati ya nyumba wala shamba iliyowekwa rehani. Kinachoshika nafasi ya dhamana ni hadhi ya mtu mbele ya majirani zake, pamoja na matumaini ya kupata mkopo mkubwa zaidi akimaliza ule wa kwanza. Kwa upande wa taasisi, mkutano mmoja humwezesha afisa kuwahudumia wateja wengi kwa safari moja. Kwa upande wa mkopaji, mkutano huohuo humaanisha kwamba wiki ambayo hakuuza kitu, kila mtu atajua.

Mwaka 2005 Matt Flannery na Jessica Jackley walianzisha Kiva, shirika lisilo la faida lenye makao San Francisco, kwa kuwatafutia mikopo wajasiriamali wachache wa Tororo, nchini Uganda, kupitia marafiki zao. Kiva ndiyo iliyompa mtu wa kawaida uwezo wa kumkopesha mgeni wa ng'ambo kwa dola 25, na majukwaa mengi yaliyofuata yaliiga mtindo wake au kujitofautisha nao.

Safari ya dola 25

Msomaji anapobonyeza kitufe cha kukopesha, hudhani kwamba fedha zake zinaondoka akaunti yake na kumwendea mshonaji. Mara nyingi mshonaji huwa ameshapata mkopo wake wiki kadhaa kabla. Taasisi ya mikopo midogo ya nchini mwake ilimhoji, ikamkubalia, ikampa fedha kutoka mfuko wake yenyewe, ikampiga picha, ikaandika maelezo yake, ikayapeleka kwenye jukwaa. Mkopeshaji wa mbali anapochangia, fedha zake hurudishia taasisi kile ilichokwisha kutoa. Mshonaji huendelea kuirejeshea taasisi mkopo pamoja na riba, na taasisi hulirejeshea jukwaa fedha za mkopeshaji bila riba. Mwaka 2009 mtafiti David Roodman alieleza jambo hili hadharani kuhusu Kiva, na shirika hilo likabadilisha lugha yake ili ioneshe wazi zaidi kinachotendeka.

Sioni ulaghai katika utaratibu wenyewe. Mchuuzi anayehitaji mtaji kabla ya msimu wa sikukuu hawezi kungoja mwezi mzima watu wa mabara mengine wajichangishe, kwa hiyo ni afadhali kwake kwamba fedha zilitangulia. Lakini maana ya tendo la mkopeshaji hubadilika. Picha aliyoichagua haikuamua nani apate mkopo na nani akose. Uamuzi huo ulikwisha kufanywa na afisa mikopo. Kilichoamuliwa na dola 25 zake ni kwamba taasisi fulani imepata mtaji wa bei nafuu wa kuendeleza kazi yake, kwa masharti inayoyaweka yenyewe.

Hatari nazo hugawanyika kwa namna isiyoonekana kwenye picha. Mkopaji akishindwa kulipa, baadhi ya taasisi hufidia kimyakimya kutoka mfuko wao ili sifa yao isishuke jukwaani, na nyingine humwachia mkopeshaji hasara hiyo. Taasisi yenyewe ikifilisika, fedha za wote waliokopesha kupitia kwake huweza kupotea, hata kama wakopaji walikuwa wakilipa bila kukosa. Iko pia hatari ya sarafu: mkopo huandikwa kwa dola, lakini mkopaji hupata na kulipa kwa fedha ya nchi yake, na fedha hiyo ikishuka thamani lazima mtu fulani abebe tofauti. Baadhi ya majukwaa huiachia taasisi ibebe sehemu ya kwanza ya hasara na mkopeshaji abebe inayozidi. Pale taasisi inapobeba yote, ni jambo la kawaida kwamba imekwisha kuiweka gharama hiyo ndani ya riba, na hivyo anayeilipa mwishowe ni mshonaji.

Wapo waliojaribu kuondoa taasisi kabisa. Zidisha, iliyoanzishwa mwaka 2009, iliwaunganisha mkopaji na mkopeshaji moja kwa moja kupitia intaneti na simu, na gharama kwa mkopaji ilishuka sana. Hata hivyo, bila afisa wa kumtembelea mteja, marejesho yalikuwa dhaifu kuliko ya mikopo iliyopitia taasisi. Yule mtu wa kati ambaye wakopeshaji wengi wangependa asiwepo ndiye anayefanya kazi kubwa ya kuijua familia, kuipima biashara, na kufika tena na tena.

Kwa nini riba ni kubwa

Wakopeshaji wengi hushtuka wanapogundua kwamba mtu waliyemkopesha bila riba analipa riba ya asilimia 30 au 40 kwa mwaka. Mshtuko huo una haki, lakini unahitaji hesabu. Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba kushughulikia mkopo mmoja kuanzia maombi hadi rejesho la mwisho kunaigharimu taasisi dola 15 za mishahara, usafiri na makaratasi. Mkopo ukiwa wa dola 1,500, gharama hiyo ni asilimia moja. Mkopo ukiwa wa dola 150, ni asilimia 10, na hapo taasisi bado haijalipia mtaji wake wala kuweka akiba kwa ajili ya mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa. Ndiyo maana taasisi inayowafikia maskini zaidi, kwa mikopo midogo zaidi na katika maeneo ya mbali zaidi, mara nyingi hutoza asilimia kubwa kuliko ile inayowakopesha wenye maduka mjini, na mkopeshaji anayechagua riba ndogo bila kutazama ukubwa wa mikopo anaweza kuwa anawakimbia walewale aliokusudia kuwafikia.

Kinachoudhi zaidi ya ukubwa wa riba ni jinsi inavyotajwa. Mkopaji amepewa dola 600 kwa mwaka mmoja na kuambiwa kwamba riba ni asilimia 20. Anapiga hesabu: riba ni dola 120, jumla 720, kwa hiyo dola 60 kila mwezi. Lakini kila mwezi anapunguza deni. Kufikia mwezi wa saba anashikilia takriban nusu tu ya zile 600, na bado riba inahesabiwa kana kwamba anazo zote. Ikipigwa kwa salio linalopungua, kama mabenki yanavyopaswa kufanya, riba hiyo ni kama asilimia 35 kwa mwaka. Sasa taasisi iseme kwamba asilimia 10 ya mkopo itazuiwa kuwa akiba ya lazima hadi mwisho. Mkopaji anaondoka na dola 540 mkononi, analipa dola 60 kila mwezi vilevile, na anarudishiwa akiba yake mwezi wa mwisho. Riba halisi imekuwa kama asilimia 42, na hatujaongeza ada ya maombi wala bima ya mkopo. Karatasi aliyotia saini bado inasema 20. Kwa maoni yangu taasisi inayotaja riba kwa namna hii, huku ikijua wazi kwamba mteja wake hana njia ya kuilinganisha na nyingine, haifai kupewa fedha za mtu yeyote mwenye nia njema, hata kama riba yenyewe ikilinganishwa si mbaya.

Je, fedha zisizo na riba kutoka kwa mkopeshaji wa mbali hupunguza mzigo huo? Zinaweza, kwa kiasi. Gharama ya mtaji ni sehemu moja tu ya riba, na katika mikopo midogo sana si sehemu kubwa kuliko zote. Taasisi iliyokuwa ikikopa benki kwa asilimia 10 itaokoa kiasi hicho, kisha itoe humo gharama ya kupiga picha, kuandika habari za kila mkopaji, na kufuatilia taarifa za jukwaa. Kiva nayo, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea michango ya hiari ya wakopeshaji na wafadhili, katika miaka ya karibuni imekuwa ikizitoza ada baadhi ya taasisi inazoshirikiana nazo. Kinachobaki huweza kumfikia mkopaji kwa njia ya riba nafuu, au kubaki ndani ya taasisi. Hakuna sheria ya uchumi inayolazimisha kimfikie.

Ushahidi unasemaje

Kwa miongo mitatu hoja ya mikopo midogo ilisimama juu ya visa vya mtu mmoja mmoja na juu ya viwango vya marejesho, ambavyo mara nyingi vilizidi asilimia 95. Viwango hivyo ni vya kweli, ila vinathibitisha jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Mtu anaweza kurejesha kwa sababu biashara imestawi. Anaweza vilevile kurejesha kwa kuuza mbuzi, kwa kukopa kwingine, au kwa kupunguza milo ya nyumbani. Daftari la afisa mikopo halina safu ya kuandika fedha imetoka wapi.

Ndiyo maana tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015 zilikuwa na uzito mkubwa. Zilifanyika Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, na zote zililinganisha watu au maeneo yaliyopata mikopo kwa nasibu na yale yasiyopata. Katika utafiti wa India, wanauchumi Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walichukua mitaa 104 ya maskini mjini Hyderabad. Nusu yake ilifunguliwa matawi ya taasisi ya mikopo kwanza. Familia nyingi hazikukopa hata pale mikopo ilipofika mlangoni. Waliokopa walinunua zaidi vitu vya kudumu na kupunguza matumizi ya anasa ndogondogo, na waliokuwa na biashara tangu awali waliipanua. Lakini kwa wastani matumizi ya familia hayakupanda, wala hali ya afya, elimu ya watoto na nguvu ya wanawake katika maamuzi ya nyumbani haikubadilika kwa namna iliyopimika. Tafiti nyingine tano zilitoa picha inayofanana: manufaa ya kiasi, uhuru zaidi wa kuchagua namna ya kupata kipato, na hakuna dalili kwamba umaskini wa familia ya kawaida ulikuwa umeondoka.

Wastani huo, lakini, umeficha watu wa aina mbili. Wapo waliokuwa tayari wafanyabiashara kabla ya mkopo, na kwao mtaji ulileta tofauti ya kweli. Wapo pia, nao ni wengi, waliofungua kibiashara kidogo kwa sababu mkopo ulipatikana, wakauza kile ambacho jirani naye anauza, kwa wateja walewale. Huyu wa pili ndiye ambaye maelezo ya kwenye jukwaa humwita mjasiriamali kwa haraka mno.

Ratiba ya marejesho nayo huamua mengi. Mshonaji anayeanza kulipa wiki moja baada ya kupokea mkopo hawezi kuutumia kununua mashine itakayohitaji miezi kadhaa kumletea wateja. Atanunua kitu kinachozunguka haraka, kama mboga au nguo za kuuza tena, ili apate rejesho la wiki ijayo. Mjini Kolkata watafiti waliwapa baadhi ya wakopaji miezi miwili ya kupumua kabla ya rejesho la kwanza. Baada ya miaka mitatu, waliopewa nafasi hiyo walikuwa na biashara kubwa zaidi na faida kubwa zaidi kwa wastani kuliko wenzao, na pia idadi ya walioshindwa kulipa miongoni mwao iliongezeka. Matokeo hayo yana somo gumu kwa mkopeshaji wa mbali, kwa sababu taasisi inayojivunia kwamba karibu kila mtu hulipa kwa wakati inaweza kuwa imefika hapo kwa kuwazuia wateja wake kuthubutu.

Suala la wanawake linahitaji uangalifu wa namna hiyohiyo. Nchini Sri Lanka wajasiriamali wadogo walipopewa mtaji wa bure, wanaume walionekana kupata faida kubwa kutokana nao na wanawake karibu hakuna, na kwa miaka kadhaa matokeo hayo yaliwakatisha tamaa wengi. Uchambuzi wa baadaye, uliotumia data za India, Sri Lanka na Ghana, ulionyesha kwamba mwanamke ambaye mumewe naye ana biashara mara nyingi hupewa mtaji yeye, kisha ukawekwa kwenye biashara ya mume. Ilipohesabiwa faida ya familia nzima, tofauti ilitoweka. Mkopo umeandikwa kwa jina la mke, uamuzi umefanyika chumbani, na deni limebaki kwa mke.

Pale mambo yalipoharibika

Historia ya karibuni ina mifano mitatu ambayo kila mkopeshaji anapaswa kuijua. Mwaka 2007 Banco Compartamos ya Meksiko, iliyoanza mwaka 1990 kama shirika lisilo la faida, iliuza hisa zake sokoni. Wawekezaji walipata faida kubwa mno, na ilibainika kwamba wateja wake walikuwa wakilipa riba inayokaribia asilimia 100 kwa mwaka pamoja na kodi. Yunus aliikosoa waziwazi. Waliotetea walisema kwamba faida kubwa ingevuta washindani na ushindani ungeshusha riba.

India ilionyesha upande mwingine wa ushindani. Taasisi nyingi zilijazana katika jimbo la Andhra Pradesh, na SKS Microfinance iliingia soko la hisa mwaka 2010. Maafisa walipimwa kwa idadi ya mikopo waliyotoa, familia moja ikakopa kwa taasisi tatu au nne ili kulipa moja kwa nyingine, na ukusanyaji ukageuka usumbufu na aibu ya hadharani. Kufuatia taarifa za wakopaji kujiua, serikali ya jimbo ilitoa amri kali Oktoba mwaka huo, na marejesho yakasimama karibu kabisa. Mwaka uliofuata Benki Kuu ya India iliweka ukomo wa riba wa asilimia 26.

Kambodia ni mfano wa tatu, na ndio unaonitia wasiwasi zaidi kwa sababu haufanani na mkasa wa siku moja. Huko mikopo mingi iliyoitwa midogo ilitolewa kwa rehani ya hati za ardhi. Mwaka 2017 serikali iliweka ukomo wa riba wa asilimia 18. Ada ziliongezeka, mikopo midogo kabisa ikapungua, na wastani wa deni kwa mkopaji ukaendelea kupanda. Mwaka 2019 shirika la haki za binadamu la LICADHO na wenzao walichapisha ushuhuda wa familia zilizouza ardhi, zilizowaondoa watoto shuleni na zilizohama ili kulipa. Wakati huohuo takwimu za marejesho za nchi hiyo zilikuwa za kusifiwa. Mkopeshaji aliyetazama kiwango cha marejesho peke yake angeona nchi salama kuliko zote.

Mkopeshaji atazame nini

Kutokana na hayo, swali la kwanza linapaswa kuwa kama taasisi inahitaji fedha zako. Taasisi kubwa iliyoko mjini, yenye leseni ya kupokea amana na mikopo ya benki, itaendelea na kazi yake ukiwepo usiwepo. Fedha za bei nafuu na zenye subira zina kazi kubwa zaidi mahali ambapo mabenki hayathubutu: mikopo ya wakulima inayolipwa baada ya mavuno, mikopo kwa wakimbizi wasio na vitambulisho vinavyokubalika, au taasisi changa katika maeneo ya mbali. One Acre Fund, iliyoanza magharibi mwa Kenya mwaka 2006, huwapa wakulima mbegu na mbolea kwa mkopo na kuwaruhusu kulipa kiasi wanachoweza wakati wowote ndani ya msimu, na mpangilio wa aina hiyo unafanana na jinsi fedha inavyoingia katika nyumba ya mkulima.

Swali la pili ni gharama kamili kwa mkopaji, ikiwa imehesabiwa kwa mwaka, kwa salio linalopungua, pamoja na ada na akiba ya lazima. Majukwaa makini huchapisha kitu cha aina hii katika ukurasa wa kila taasisi, mara nyingi chini kabisa ambako macho hayafiki. Gharama hiyo ilinganishwe na ukubwa wa mikopo na faida ya taasisi. Riba ya juu kwa mikopo midogo sana, kwa taasisi inayojikimu bila kupata faida kubwa, inaeleweka. Riba hiyohiyo kwa mikopo mikubwa na faida nono haieleweki.

La tatu, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, ni kinachotokea mtu anaposhindwa kulipa. Je, afisa analipwa bonasi kwa idadi ya mikopo anayotoa? Taasisi huangalia madeni mengine ya mteja kabla ya kumkopesha? Huruhusu kupanga upya marejesho pale mvua inapokosekana au mtu anapougua? Huchukua hati ya nyumba anamoishi? Wenzake katika kikundi hulazimika kulipa badala yake? Nchini Ufilipino watafiti waliondoa sharti la kudhaminiana katika baadhi ya vikundi vya wakopaji, na kiwango cha kushindwa kulipa hakikupanda. Taasisi inayodai kwamba haiwezi kuendesha kazi bila kuwabana majirani inapaswa kueleza kwa nini. Majibu ya maswali haya hayako kwenye picha, lakini taasisi nyingi na majukwaa huyajibu yakiulizwa kwa barua, na namna yanavyojibiwa ni taarifa tosha.

Mkopeshaji ajiulize pia kama mkopo ndio chombo sahihi kwa kusudi lake. Kama anataka kuwafikia walio maskini kabisa, deni linaweza kuwa mzigo wasioweza kuubeba. Mpango uliobuniwa na BRAC, shirika la maendeleo la Bangladesh, mwaka 2002, unaoipa familia mali ya kuzalisha kama mifugo, pamoja na posho ya muda, mafunzo na ziara za mara kwa mara, ulijaribiwa katika nchi sita na kuleta ongezeko la kipato lililodumu hata baada ya msaada kwisha. Vikundi vya kuweka na kukopeshana, ambavyo shirika la misaada la CARE lilianza kuvieneza kutoka Niger mwaka 1991, huzungusha akiba ya wanachama wenyewe bila mtaji wa nje, na faida ya riba hubaki kikundini. Kuzieneza njia hizi mbili huhitaji mchango usiorudi, na kwa mtu aliyezoea kuona salio lake likirejea hilo ni gumu kidogo kulikubali.

Hata hivyo, yeyote anayehitimisha kwamba ni heri kuacha kukopesha kabisa atazame tena Andhra Pradesh. Mgogoro wa mwaka 2010 ulizikausha fedha taasisi zilizokuwa zikifanya kazi katika majimbo mengine ya India ambako wakopaji hawakuwa na kosa lolote. Watafiti Emily Breza na Cynthia Kinnan walilinganisha wilaya zilizopoteza mikopo mingi na zile zilizopoteza michache, wakakuta kwamba katika zile za kwanza ujira wa vibarua ulishuka na matumizi ya familia yakapungua, hata kwa watu ambao hawakuwahi kukopa, kwa kuwa waliokuwa wakiwaajiri hawakuwa tena na mtaji wa kulipa vibarua. Taasisi nzuri huumia zaidi ya nyingine fedha zinapoondoka kwa ghafla. Kwa hiyo mkopeshaji aliyekwisha kuichunguza taasisi na kuridhika nayo, akakubali mkopo wa muda mrefu na kuuacha uzunguke hata katika mwaka wa ukame au wa kushuka kwa sarafu, anaipa kitu ambacho haiwezi kukipata kwa urahisi benki.